Tela Kuukuu la Kulala: Mali au Mzigo?

Anayeliona tela la kulala limeegeshwa uani mwa mtu, rangi imebabuka na tairi zimelala, huuliza swali lile lile: hili bado linafaa, au ni chuma chakavu kilichokosa mnunuzi? Tela la kulala, ambalo wengine huliita karavani, ni chumba kidogo kilichojengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba mwili wote, kikakokotwa na gari. Ndani mna vitanda vinavyogeuzwa kuwa viti mchana, meza ya kukunja, jiko la gesi na makabati. Kwa mtu wa mjini ni chombo cha anasa. Lakini mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, mwenye shamba la alizeti mbali na nyumbani, anajua maana ya kulala dunguni wiki nzima wakati wa mavuno. Mfuga nyuki anayehama na mizinga, mnunuzi wa mazao anayezunguka minada, wachanjaji mifugo na wanaopeleka wageni kwenye michoro ya mapangoni ya Kolo wanalijua vilevile. Kwao chumba chenye magurudumu ni kitendea kazi.

Jibu la sura hii ni kwamba tela kuukuu lipimwe kwa fundi aliye karibu, lisipimwe kwa mwaka lilioundwa. Tela la mwaka 1975 ambalo kila kiungo chake kinaweza kuchomelewa, kukerezwa au kubadilishwa Kondoa mjini litaishi kuliko la mwaka 2005 ambalo ekseli yake ikichoka lazima iagizwe ng'ambo. Uzee wenyewe si ugonjwa. Kinachoua tela ni kukosa tiba pale lilipo.

Funzo la mwaka 1877

Mkoa wa Dodoma ulishuhudia jaribio la safari za magurudumu kabla hata ya kuwa mkoa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa ameishi kusini mwa Afrika, alitoka Saadani pwani na ng'ombe wachache akafika nao Mpwapwa, akaridhika kwamba njia inapitika. Mwaka uliofuata msafara wa misheni ukaondoka na magari ya kukokotwa na ng'ombe, ya namna iliyotumika huko kusini mwa Afrika, ambako familia ziliyafanya vyombo vya mizigo na malazi kwa pamoja. Ng'ombe wakafa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Magari yakakwama, na wale waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa nguvu za wapagazi.

Magari yale hayakuwa mabovu. Kule yalikotoka yalivuka nyika kubwa, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe waliozoea kazi, malisho yasiyo na mbung'o, na mafundi waliojua kutengeneza gurudumu la mbao likipasuka. Huku hakukuwa na hata kimoja. Linganisha na mkokoteni wa punda unaobeba maji na magunia leo Dodoma nzima: ekseli imetolewa kwenye gari lililokufa, tairi ni zile zilizokataliwa barabarani, mbao ni za hapa hapa, na mchomeleaji yuko senta. Umri wa vipande vyake ukijumlishwa ni mkubwa kuliko wa mwenye mkokoteni, na bado unafanya kazi kila siku. Tela la trekta ni vivyo hivyo. Gari la misheni lilikuwa jipya na likafa njiani. Mkokoteni umeungwaungwa na haufi. Ushahidi wa hoja yangu umejaa barabarani.

Kinachonunuliwa kiko chini

Muuzaji atafungua mlango akuonyeshe vitambaa vya viti. Mwache aonyeshe, kisha lala chali uingie uvunguni. Mwili wa tela ni mbao, bati na madirisha. Seremala yeyote ataujenga upya. Thamani iko kwenye chesisi, ekseli, magurudumu na kiungo cha kukokotea.

Anza na springi. Tela nyingi za Marekani na za Afrika Kusini zina springi za bapa, vile vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kwenye pikapu. Kipande kikivunjika, kinapatikana kwa wauza spea au kinachongwa kutoka springi nyingine. Tela nyingi za Ulaya, hasa za miaka ya karibuni, zina ekseli ya mpira: ndani ya bomba la ekseli mna mipira inayobanwa kila gurudumu linapopanda juu ya tuta, nayo ndiyo inayomeza mtikisiko. Ni ekseli nzuri, nyepesi na tulivu, mpaka mpira uzeeke. Ukizeeka unakuwa mgumu, tela linaruka badala ya kunesa, au linakaa limeinama upande mmoja, na hakuna fundi wa Kondoa atakayeufungua. Tiba ya hapa ni kuikata ekseli nzima na kuweka ya pikapu na springi zake za bapa. Kazi hiyo inafanyika, lakini iingize kwenye hesabu kabla hujataja bei, kwa sababu siri ya tela linalouzwa rahisi mara nyingi imejificha hapo.

Kisha beringi, vile vyuma vya mviringo vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka kwenye ekseli bila kusagana. Piga jeki gurudumu liachane na ardhi. Lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likigonga, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe kwa mkono ukisikiliza: mvumo laini hauna shida, mkwaruzo ni dalili mbaya. Tela lililokaa miaka bila kutembea huwa na grisi iliyokauka ikashikana kama lami, na kulikokota hivyo hadi nyumbani ni kuchoma beringi njiani. Uzuri ni kwamba beringi zina namba iliyochongwa kwenye ringi zake, na kwa namba hiyo muuza spea Dodoma mjini anaweza kukupa inayolingana bila kujali tela lilitoka nchi gani. Hiki ni kiungo ambacho uzee wa tela hauna maana kabisa.

Tairi nazo hudanganya. Za tela haziliki sana, kwa hiyo kashata zake huonekana mpya, kumbe mpira umekufa kwa jua. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi iliyovuka miaka saba ikisimama juani ibadilishe hata kama haina mkwaruzo, kwa maana ikipasuka kwenye mwendo inaweza kulipindua tela na kulivuta gari pamoja nalo. Na kwa kuwa unanunua upya, chagua ringi zinazofanana na za gari lako. Hilux ya 4WD na Prado, kwa mfano, zina nati 6 kila gurudumu. Fundi akikuwekea habu za aina hiyo kwenye tela, tairi moja ya akiba inahudumia gari na tela, na tela linainuka juu ya mawe. Ringi ndogo za inchi 13 zilizo kwenye tela nyingi za Uingereza zilifaa huko kwenye lami.

Breki ni sehemu nyingine ambapo usahili unashinda. Breki za tela za Ulaya zinafanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kiungo cha kukokotea kinaingia ndani kidogo, na fimbo ya chuma inavuta breki za magurudumu. Hakuna waya wa umeme wala kompyuta. Za Marekani hutumia umeme kutoka kwenye gari, na hutaka kifaa maalumu kwenye dashibodi. Hapa tela la Ulaya linalipa deni lake la ekseli ya mpira. La Marekani lina tatizo jingine pia: vifaa vyake vya umeme wa nyumbani ni vya volti 120, wakati umeme wetu ni 230. Na mlango wake uko kulia, kama ulivyo kwenye tela za Ulaya bara, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara zetu watoto wanashukia upande wa malori. La Uingereza, nchi inayoendesha kushoto kama sisi, linafungukia porini.

Kwa ufupi, kabla ya kutoa hata shilingi hakikisha:
- chesisi haina kutu iliyokula hadi ndani, hasa pale ekseli na kiungo cha kukokotea vinapofungwa;
- springi ni za aina inayotengenezeka, au bei imepunguzwa kwa gharama ya kubadili ekseli;
- beringi zimefunguliwa, zimeonekana na zimepakwa grisi mpya;
- kiungo cha kukokotea kinajifunga chenyewe, na minyororo ya tahadhari ipo.

Ukavu, mchwa na vumbi

Adui mkuu wa tela kuukuu duniani kote ni maji yanayopenya kwenye maungio ya bati na kuozesha mbao kwa ndani bila kuonekana. Hapa uwanda wa kati una bahati yake. Sehemu kubwa ya mkoa wa Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 800 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Mbao zilizolowa Machi zina muda wa kukauka. Tela lililowekwa Tanga au Dar es Salaam, kwenye unyevu na chumvi, haliwezi kushindana na lililowekwa Kondoa, wala kwa mbao wala kwa chuma. Hata hivyo pima. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye pembe za madirisha, chini ya dirisha la mbele na kwenye kona za sakafu. Plaiwudi nzima inakataa, iliyooza inabonyea. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka pafikiwe mbao kavu, ijengwe upya, kisha maungio yote ya nje yafunguliwe, yasafishwe na kuzibwa. Kupaka silikoni juu ya ya zamani ni kuficha tatizo hadi masika.

Adui wa pili hatajwi kwenye vitabu vya Ulaya. Ni mchwa. Tela likiwekwa juu ya magogo kwa miezi minane, mchwa watapanda kwa vijia vyao vya udongo hadi kwenye sakafu na fremu, na mwenye tela atagundua siku kitanda kitakapomwangusha. Liweke juu ya mawe au stendi za chuma, fyeka nyasi chini yake, na kila mwezi chungulia uvunguni uvunje kijia chochote kinachopanda. Paa la bati juu ya nguzo nne litalikinga dhidi ya jua linalopasua mpira wa madirisha na tairi. Kwa Dodoma, banda hilo lina faida kuliko rangi mpya.

Vumbi linaingia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Tela linapotembea, hewa ya nyuma yake inajivuta na kuinua vumbi, na vumbi hilo hupenya kwenye kila tundu la nyuma. Kuziba kila kitu hakutoshi, kwa sababu hewa ya ndani ni hafifu kuliko ya nje na huvuta. Dawa waliyoitumia wasafiri wa Afrika Kusini ni kuziba matundu ya nyuma na chini, kisha kuacha tundu moja dogo la mbele juu, ambako hewa ni safi kuliko kwingine, ili upepo uingie na kulijaza tela. Likijaa, hewa inatoka kupitia nyufa badala ya vumbi kuingia. Matundu ya chini yafunguliwe tena mkifika, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatulia sakafuni, na tundu la chini ndilo njia yake ya kutokea.

Lami, rasta na mchanga

Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251 kupitia Kondoa, ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018. Ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, na tela zima linaitembea bila wasiwasi. Shida huanza ukiacha lami. Rasta, yale mawimbi magumu ya barabara ya vumbi, hulegeza skrubu zote za makabati, hukata waya za taa na kuvunja mabomba ya gesi kwenye viungo. Punguza upepo wa tairi kidogo, punguza mwendo, na baada ya kila safari pita na bisibisi. Kila bomba la gesi lipakwe povu la sabuni. Likitoa mapovu, linavuja.

Upangaji wa mizigo ndio unaoamua kama tela litafuata gari au litayumba. Waingereza hushauri asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela ielemee kwenye kiungo cha kukokotea, Wamarekani 10 hadi 15. Namba zinatofautiana, lakini wote wanakubaliana kwamba mbele pawe pazito kuliko nyuma. Madumu matano ya maji ya lita 20 ni kilo 100. Yakiwekwa mwisho nyuma, tela litaanza kupiga mkia kwenye mteremko. Yakikaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, litatulia. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani bila kuukata. Kukanyaga breki kwa ghafla kunazidisha.

Wanaosema halifai

Pingamizi la kwanza ni hema. Hema ni rahisi, linakaa kwenye buti, halina beringi. Ni kweli, na anayelala nje siku tatu kwa mwaka anunue hema, sura hii haimhusu. Lakini anayelala nje wiki sita, na sufuria, magunia, dawa za mifugo na fedha za mauzo, anahitaji mlango wenye kufuli na sakafu iliyo juu ya ardhi, mbali na nge na maji ya mvua.

La pili ni zito zaidi: kwa nini asijenge kibanda shambani? Kwa mwenye shamba moja, ajenge. Hesabu inabadilika kwa mwenye mashamba mawili, au kwa kazi inayohama kama nyuki na minada, kwa sababu vibanda viwili vinataka walinzi wawili, na kibanda kisichokaliwa huisha milango ndani ya msimu mmoja. Tela linarudi nyumbani na mwenyewe.

La tatu ni gari, na hapa wapinzani wana haki. Tela dogo la watu wanne la miaka ya 1970 lina uzito wa kilo 700 hadi 1,000 likiwa tupu, na gari linalolikokota linapaswa kuwa zito kuliko tela lililojaa. Asiye na gari la namna hiyo akodi trekta au pikapu mara mbili kwa mwaka, kulipeleka na kulirudisha. Kununua gari kubwa kwa ajili ya tela la bei rahisi ni hasara ya wazi.

Kupiga kambi nalo

Wilaya ya Kondoa ina mito ya mchanga, mipana, myeupe na tambarare, inayovutia kuegesha. Mchanga huo ni udongo wa milimani ulioteremshwa na mmomonyoko, ule uliofanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973 na kuondoa mifugo katika eneo lililoharibika mwaka 1979. Usilale humo hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua ikinyesha vilimani usiku, korongo linajaa bila hata tone moja kukuangukia wewe. Egesha juu ya ukingo, kwenye ardhi ngumu, pua ya tela ikielekea njia ya kutokea. Kwa anayetaka kuanza kwa utulivu, Kolo pana kambi ya kawaida karibu na mapango ya michoro, yale ambayo Mary Leakey aliyanakili mwaka 1951 na UNESCO ikayaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, na lami iko jirani.

Onyo moja halina mjadala. Juni na Julai usiku wa Kondoa una baridi, na mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya tela. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha tela ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba. Waliolala nayo hawaamki. Tumia blanketi.

Karatasi na siku ya kununua

Tela nalo husajiliwa TRA na kupewa namba yake, tofauti na ya gari linalolikokota. Muulize muuzaji kadi ya usajili, linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye kadi, na kama chuma kimepigwa msasa mahali hapo, ondoka. Taa za nyuma, indiketa na bima vishughulikiwe kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu trafiki wa Barabara Kuu hataangalia mapazia.

Nenda kununua asubuhi, ukiwa na jeki, spana, grisi na fundi yule yule atakayelihudumia tela hilo miaka ijayo. Akisema springi hizi anazijua na beringi hizi zinapatikana, jadilianeni bei. Muuzaji akikataa magurudumu yafunguliwe mbele ya fundi wako, rudi nyumbani na fedha zako.